Tanuri la Fermi: Historia ya Kukisia Chembe Zinazozaliwa Viini Vinapogongana

Mwaka 1950, jarida la fizikia ambalo Hideki Yukawa alilianzisha nchini Japani lilichapisha makala ya Enrico Fermi, Mwitaliano aliyekuwa akifundisha Chicago. Swali lake lilitoka angani. Mionzi ya anga za mbali ilipogonga kiini cha atomu ndani ya bamba la picha, mistari mingi ilichomoza kwenye nukta moja, kila mstari ukiwa njia ya chembe iliyozaliwa papo hapo. Zilitoka ngapi, na kwa nini idadi ile? Hakuna aliyekuwa na hesabu ya uhakika ya kujibu, kwa sababu kani inayoshikilia kiini ni kubwa mno kwa mbinu za kawaida za kukokotoa.

Fermi aliugeuza udhaifu huo kuwa nguzo ya hoja yake. Ikiwa kani ni kubwa kiasi hicho, alisema, basi tuchukulie kwamba nishati yote ya mgongano inaenea mara moja katika nafasi ndogo na kufikia usawa wa joto. Hapo hatuhitaji kujua undani wa kani. Tunahesabu tu njia ambazo nishati inaweza kugawanywa baina ya chembe, na mgawanyo wenye njia nyingi zaidi ndio utakaotokea mara nyingi zaidi. Kwa hesabu hiyo, idadi ya chembe hukua kwa mzizi wa nne wa nishati: ukizidisha nishati ya chembe inayopiga mara 16, mazao yanaongezeka mara mbili tu.

Dhana hiyo ilikuwa sahili kupita kiasi, na Fermi alijua hivyo. Hata hivyo naamini ndiyo mhimili wa historia yote iliyofuata. Kila kizazi cha wanafizikia kimeikosoa, kikajenga kitu tata zaidi, kisha kikaikuta inasubiri mbele ya safari.

Pigo la kwanza lilitoka Moscow. Mwaka 1951 Isaak Pomeranchuk alionyesha kwamba chembe zilizosongamana namna ile haziwezi kutoka na kwenda zake. Zitaendelea kugongana huku wingu likitanuka na kupoa, na idadi ya mwisho itaamuliwa baadaye, joto likishashuka. Miaka miwili baadaye Lev Landau aliifikisha hoja hiyo mwisho wake: kama chembe zinagongana bila kukoma, basi kitu kile ni kioevu, na milinganyo ya mtiririko wa vioevu ndiyo inayopaswa kutumika. Kioevu kinachozaliwa kwa mgongano wa protoni mbili! Wengi waliona ni kuvuka mipaka, na kwa miaka mingi wazo la Landau lilibaki pembezoni.

Anayenivutia zaidi katika simulizi hii ni Rolf Hagedorn. Alizaliwa Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1919. Vita Kuu ya Pili vilimfikisha Afrika Kaskazini na jeshi la Rommel, akatekwa mwaka 1943 na kupelekwa kambi ya mateka nchini Marekani. Mateka waliokuwa na elimu waliwafundisha wenzao, na hapo ndipo alipoanza hisabati na fizikia kwa dhati. Baada ya vita alifika CERN, Geneva, maabara ikiwa bado changa, akapewa kazi iliyoonekana ya kikarani: kukadiria ni chembe ngapi na za aina gani zingetoka kwenye mitambo mipya, ili wahandisi wajue watarajie nini. Alianza na kielelezo cha Fermi, akagundua jambo la ajabu katika data. Nishati ya mgongano ilipandishwa sana, lakini mwendo wa chembe kuelekea pembeni, nje ya mstari wa mwali wa chembe zinazorushwa, haukuongezeka kwa kiasi cha kulingana nayo. Joto lilikuwa limegoma kupanda.

Jibu lake la mwaka 1965 ni kati ya mawazo mazuri kabisa ya fizikia ya karne iliyopita. Aina za chembe huongezeka kwa kasi kubwa kadiri uzito unavyopanda, hivyo nishati mpya inatumika kuumba chembe mpya, nzito zaidi, badala ya kuongeza joto. Ni kama sufuria ya maji inayotokota: ongeza kuni upendavyo, joto la maji litabaki palepale na mvuke ndio utakaozidi. Kikomo alichokipata kilikuwa takriban megaelektronivolti 160, yaani karibu kelvini trilioni 1.8, zaidi ya mara 100,000 ya joto la kitovu cha Jua.

Hagedorn aliamini huo ni ukomo wa joto lenyewe. Mwaka 1975 Nicola Cabibbo na Giorgio Parisi wakaupa maana nyingine: kwamba hapo ndipo protoni, pioni na jamaa zake zinapoyeyuka, na kwaki zilizofungwa ndani yake zinakuwa huru. Mwanafizikia wa Kisovieti Edward Shuryak aliiita hali hiyo plazma ya kwaki na gluoni (chembe zinazobeba kani baina ya kwaki), jina linalotumika hadi leo. Sasa kulikuwa na sababu ya kugonganisha viini vizito: madini ya risasi yana protoni na nyutroni 208 katika kiini kimoja, na wingi huo ulitoa matumaini kwamba usawa wa joto ungefikiwa kweli.

Wakati huohuo shule tofauti kabisa ilikuwa ikikua Lund, Uswidi. Bo Andersson na wenzake hawakuhitaji joto. Kwao, kwaki mbili zinazotengana huvuta katikati yake uzi wa nishati, na uzi huo ukikatika vipande, kila kipande kinakuwa chembe. Kwa migongano midogo kielelezo hiki kilifanya kazi vizuri sana, nacho ndicho kiini cha PYTHIA, programu ya kuiga migongano. Mwaka 1991 Xin-Nian Wang na Miklos Gyulassy, Berkeley, walikitumia kujenga HIJING, programu ya namna hiyo kwa ajili ya viini. Msingi wa kufanya hivyo ulikuwa hesabu ya Roy Glauber ya miaka ya 1950, inayokadiria ni protoni na nyutroni ngapi zinagusana viini viwili vinapopitiana.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2000, mtambo wa RHIC ulipowashwa Brookhaven, jimbo la New York, kugonganisha dhahabu kwa dhahabu. Utabiri ulikuwa umeshachapishwa, na vielelezo vilitofautiana vibaya. Kundi la PHOBOS lilitoa majibu ya kwanza: chembe zenye chaji 555 hivi kwa kila kipimo kimoja cha pembe ya kutawanyika katika ukanda wa katikati, kwa nishati ya gigaelektronivolti 130 kwa kila jozi ya protoni au nyutroni zinazogongana. Vielelezo vingi vilikuwa vimetarajia zaidi. Maelezo mojawapo yalikuwa yameandikwa tangu mwaka 1994 na Larry McLerran na Raju Venugopalan: gluoni ndani ya kiini chenye kasi kubwa husongamana hadi kushiba, na zikishashiba, idadi haiwezi kukua ovyo.

Lakini habari kubwa ya RHIC ilikuwa namna chembe zilivyotawanyika. Viini vikigongana kwa ubavu, eneo la mguso huwa na umbo la duaradufu, na chembe zilitoka kwa wingi upande wa ule upana mfupi, kama milinganyo ya kioevu inavyodai. Mwaka 2005 Brookhaven ilitangaza kwamba walichopata ni kioevu chenye mnato mdogo ajabu. Landau, aliyefariki mwaka 1968, hakuishi kuliona hilo. Mwaka 2010 Burak Alver na Gunther Roland waliongeza jambo lililokuwa mbele ya macho ya wote: kiini si duara laini, protoni zake hukaa shaghalabaghala, na ukizipanga hivyo katika hesabu, mitiririko ya pembe tatu iliyokuwa ikiwasumbua wapimaji inajieleza yenyewe. Miaka mingi ya kutumia wastani ilikuwa imeificha.

Bara letu lina sehemu yake humu. Jean Cleymans, Mbelgiji aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Cape Town hadi kifo chake mwaka 2021, alionyesha mwaka 1998 pamoja na Krzysztof Redlich wa Poland kwamba katika mitambo yote iliyokuwepo, ya nishati ndogo na kubwa, idadi za aina za chembe huganda, yaani huacha kubadilika, pale wastani wa nishati kwa kila chembe unapofika takriban gigaelektronivolti 1. Kanuni moja fupi ikafunika majaribio yaliyotofautiana pakubwa. Kutoka Cape Town pia ilitoka THERMUS, programu ya kukokotoa mazao ya chembe kwa njia ya joto, inayotumiwa na watafiti wa nchi nyingi. Afrika Kusini ikaingia pia katika jaribio la ALICE huko CERN. Historia za fizikia zinazoishia Ulaya na Marekani hukosea zikiuruka ukurasa huu.

Katika data za ALICE, tangu pioni hadi viini vyepesi vya antimata, idadi zinakubaliana na joto moja la takriban megaelektronivolti 156. Ni karibu na tarakimu ya Hagedorn, na inalingana na hesabu za kompyuta zinazoanzia kwenye nadharia ya kwaki yenyewe. Kwa deuteroni, kiini cha protoni moja na nyutroni moja, hilo ni fumbo, maana nishati inayoishikilia ni megaelektronivolti 2.2 tu. Ingewezaje kuokoka katika tanuri lile? Wengine wanasema inaungana baadaye, wingu likishapoa, na mjadala haujafungwa.

Siku hizi kielelezo kamili huunganisha hatua kadhaa: Glauber au gluoni zilizoshiba mwanzoni, kioevu katikati, kuganda, kisha migongano ya mwisho ya chembe zinazotawanyika. Kinachotikisa mpangilio huu ni migongano midogo. Tangu mwaka 2010, pale protoni mbili zinapozaa chembe nyingi kuliko kawaida, LHC, mtambo mkubwa wa CERN, imekuwa ikiona dalili zilizodhaniwa kuwa za viini vizito pekee. Watu wa Lund wamejibu kwa nyuzi zinazosukumana, wa upande wa kioevu wanasema Landau alikuwa sahihi hata kwa protoni. Julai 2025 LHC iligonganisha viini vya oksijeni kwa oksijeni, na neoni kwa neoni, kwa mara ya kwanza. Oksijeni ina protoni na nyutroni 16 tu, na ukubwa huo wa kati ndio unaotakiwa ili kupima ni wapi hasa mtiririko unapoanzia.