Kiti cha Katikati

Baba ana redio ambayo watoto wake wote tumekatazwa kuigusa. Ni National ya bendi tatu. Kava lake la ngozi limekatika mkanda, na kifuniko cha betri kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Imekaa juu ya kabati nyumbani kwetu Oldeani tangu kabla sijazaliwa. Ina spika moja, upana wake kama kiganja. Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani kusubiri ajira, nilikuwa naiangalia kila asubuhi nikijisemea: mzee huyu hajawahi kuusikia vizuri muziki anaoupenda.

Nilikuwa na shilingi 150,000 nilizolipwa kwa kufundisha watoto wa kidato cha nne hesabu. Nikaamua kumjengea Baba stereo. Simaanishi sabufa, maana sabufa kijijini zipo tele. Ukipita barabarani jioni unazisikia zikigonga bati kabla hujaziona. Mimi nilitaka spika mbili, kushoto na kulia, ili mtu akifumba macho aone bendi imesimama mbele yake.

Niliyojifunza katika kazi hiyo hayakuwa ya umeme peke yake.

Oldeani ni neno la Kimaasai, maana yake mianzi, na mianzi hiyo bado ipo juu kwenye mlima unaobeba jina hilo, mlima unaopita mita 3,000. Chini yake ni mashamba ya kahawa. Walowezi wa Kijerumani waliyaanzisha katika miaka ya 1920 na 1930, baada ya Waingereza waliotawala Tanganyika kuwaruhusu Wajerumani kurudi. Babu yangu alichuma kahawa huko akiwa mtoto. Alimsimulia Baba, na Baba akanisimulia mimi, kwamba jioni mzungu wa shamba alikuwa akiweka gramafoni barazani. Vibarua waliokuwa wakirudi na makapu walipunguza mwendo. Hakuna aliyewakaribisha, wala hakuna aliyewafukuza. Walisimama kwenye mikahawa mpaka santuri ilipoisha, wakaenda zao. Mwaka 1939 vita vilipoanza, Waingereza waliwakamata walowezi hao na kuwaweka kizuizini. Babu hakuwahi kujua gramafoni ile ilikwenda wapi.

Gramafoni haikuwa ya wazungu peke yao. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake za Kiswahili zikauzwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Lakini iwe ya Siti au ya mlowezi, kila santuri ya wakati ule ilitoa sauti kutoka mahali pamoja. Waimbaji wote, vinanda vyote, vilipita kwenye tundu moja.

Aliyetaka kulibadilisha hilo ni mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein. Inasemekana alikuwa sinema na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, akakereka kuona mwigizaji anatembea upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikibaki mahali pengine. Desemba 1931 aliwasilisha maombi ya hataza ya njia ya kurekodi mikondo miwili ya sauti ndani ya mfereji mmoja wa santuri. Januari 1934, kwenye studio za Abbey Road, alirekodi mazoezi ya okestra iliyoongozwa na Thomas Beecham. Kisha kazi ile ikawekwa kando. Vita vikaja, Blumlein akahamia kwenye rada, na mwaka 1942 akafa katika ajali ya ndege ya majaribio, akiwa na miaka 38. Santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani kuelekea mwisho wa miaka ya 1950. Hakuziona.

Wazo lake linategemea umbali kati ya masikio yako. Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia. Tofauti hiyo haizidi sehemu kama saba za sekunde iliyogawanywa mara elfu kumi, lakini ubongo unaikamata. Pia kichwa chenyewe huziba sauti, hasa zile nyembamba, zisifike vizuri upande wa pili. Kwa vitu hivyo viwili unajua mbwa anabweka upande gani wa boma bila kutoka kitandani. Shika maelezo hayo, maana nitayarudia.

Karatu mjini kuna fundi redio mwenye kibanda kilichojaa maiti za redio. Nilimsalimia, nikamweleza mpango wangu, akacheka.

“Dogo, unataka kelele au unataka muziki?”

“Muziki.”

“Basi hela yako inatosha.”

Alinichomolea saketi ndogo kutoka kwenye redio ya gari iliyokufa, yenye chipu ya LA4440 iliyobuniwa na Sanyo. Chipu hiyo ina mikondo miwili, kila mmoja unatoa wati sita hivi kwa umeme wa volti 12. Nikamwambia wati sita ni kidogo, sabufa za dukani zimeandikwa maelfu. Akanijibu kwamba karatasi inakubali kila kitu. Tena ukweli wa masikio ni kwamba ili muziki usikike mara mbili ya ulivyokuwa, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo kati ya wati sita na wati kumi na mbili, ndani ya sebule, tofauti ni ndogo. Na volti 12 ni betri ya sola. Umeme ukikatika, muziki hauzimi.

Saketi ilinigharimu 15,000. Spika mbili za inchi sita na nusu na twita mbili, zote kutoka kwenye gari lililopondeka, 60,000. Fundi alinionyesha jambo ambalo mpaka leo naona ni tamu. Twita ukiipa sauti nzito itaungua, kwa hiyo unaiwekea mlinzi mlangoni, kapasita isiyo na chanya wala hasi. Kwa twita ya omu nane, kapasita ya maikrofaradi 4.7 huanza kuzuia sauti zilizo chini ya herzi 4,200 hivi. Kifaa cha shilingi mia chache, ukubwa wa punje ya hindi, kinajua kuchambua muziki.

Masanduku nilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mgrivea, mti uliopandwa kwenye mashamba ya kahawa kwa ajili ya kivuli. Mbao nene, maana sanduku jembamba huimba lenyewe, na sanduku likiimba linachafua wimbo. Niliziba kila upenyo kwa gundi na unga wa mbao. Ndani nilijaza sufi kutoka kwenye mto wa zamani wa Mama, ili sauti inayotoka nyuma ya spika ichoke kabla haijarudi mbele. Mama aliuliza mto umekwenda wapi. Nikamwambia umekwenda kwenye maendeleo.

Siku ya kwanza niliwasha, nikasikitika. Besi hakuna, mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya mtungi. Nikampigia fundi. Akaniambia nichukue betri moja ya tochi niiguse kwenye nyaya za kila spika, chanya kwa chanya. Spika ya kulia ilisukuma mbele. Ya kushoto ilivuta nyuma. Nilikuwa nimegeuza waya mmoja, kwa hiyo spika moja ikipumua nje nyingine inapumua ndani, na besi zinauana katikati ya chumba. Nikageuza waya. Besi ikarudi bila kuongeza hata senti.

Kisha chumba. Sebule yetu ina sakafu ya saruji na bati lisilo na dari, yaani kila sauti inajibiwa. Nilitandika mkeka na blanketi, nikatundika magunia ya kahawa ukutani nyuma ya kochi. Nikasogeza spika mbali na ukuta, nikaziinua juu ya vigoda zilingane na masikio ya mtu aliyekaa. Nikapima kwa kamba: kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kwenye kiti, urefu uleule. Pembetatu. Kazi hiyo haikunigharimu kitu, na ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko yote.

Usiku nikaketi kwenye kiti kile, nikacheza Simba Wanyika, wale ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga waliopitia Arusha mwaka 1970 na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya. Nimeusikia muziki wao maisha yangu yote. Sikuwahi kujua kwamba magitaa yale ni watu tofauti. Mmoja alikaa kushoto, akiuliza. Mwingine kulia, akijibu. Mwimbaji alisimama katikati, mahali ambapo hapakuwa na spika, pamoja na ukuta wetu na kalenda ya mwaka uliopita. Nilicheka peke yangu.

Kesho yake jioni nikamkalisha Baba kwenye kiti cha katikati. Nikawasha. Nikamtazama usoni.

Akasikiliza kidogo, akageuza kichwa. Kisha akakigeuza kiti kizima, akaukabili mlango, sikio la kulia likaelekea spika. Nikamwambia, “Baba, ukae ukiangalia mbele, ndivyo ilivyopimwa.” Akarudi mbele. Akavumilia wimbo mmoja. Halafu akasema, kwa upole ambao uliniumiza kuliko angenigombeza:

“Ni nzuri, mwanangu. Ila yule wa kushoto yuko mbali.”

Nikakagua nyaya. Zilikuwa sawa. Akaniacha nikague, mwishowe akagusa sikio lake la kushoto.

“Hili lilibaki kwenye mtambo.”

Miaka mingi Baba aliendesha mtambo wa kumenya kahawa kwenye shamba moja hapa. Injini ya dizeli ilikuwa kushoto kwake, kila msimu, kutwa nzima. Hakupewa kitu cha kuziba masikio. Nilikulia nyumba moja na mtu huyu. Nilidhani anapokaa mwisho wa benchi kanisani ni unyenyekevu. Nilidhani asiponijibu nikiwa kushoto kwake amekasirika. Nilikuwa nimepima chumba kizima kwa kamba bila kumpima mwenye chumba.

Jioni ile ndipo aliponiambia habari za redio ya kabatini. Babu aliinunua baada ya kampuni ya Matsushita ya Japani kuanzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, kiwanda kilichotengeneza redio na betri za National. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza kipindi redioni, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kundi la kwao lilitumia National hii. Baba, kijana wa shule, ndiye aliyeibeba. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali pa kuiweka ili kila mtu asikie, wazee mbele, kina mama wenye watoto karibu na mlango.

“Redio moja,” alisema, “na hakuna aliyeuliza kiti cha katikati kiko wapi.”

Sauti iliyowafikia ilikuwa ya mkondo mmoja. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara mpaka redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, ilirusha matangazo yake kwa masafa ya kati na mafupi, na huko hakukuwa na kushoto wala kulia. Nyimbo anazozipenda Baba, za Mbaraka Mwinshehe na za Atomic Jazz, alizipokea hivyo. Mimi niliita hiyo kasoro. Lakini mkondo mmoja haumchagulii mtu mahali pa kukaa. Aliye mlangoni anasikia kile anachosikia aliye mbele, na mwenye sikio moja hakosi mpiga gitaa. Stereo ina raha yake, nami siikani, ila ni raha ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukisogea hatua mbili, bendi nzima inahamia kwenye spika iliyo karibu nawe.

Nikarudi kwa fundi. Dawa ilikuwa rizista mbili za omu elfu moja na swichi ndogo: kila mkondo unapita kwenye rizista yake, kisha inaungana kabla ya kuingia kwenye amplifaya, na spika zote mbili zinatoa kitu kilekile. Gharama haikufika shilingi elfu mbili.

Baba alipoona hivyo, akainuka mwenyewe, akavuruga pembetatu yangu. Spika moja aliiweka upande wa kulia wa kochi lake. Nyingine aliitoa na waya wake wote, akaielekeza dirishani, kule jikoni kwa Mama. Kutoka nje tukasikia Mama akiitikia kiitikio, sufuria mkononi. Jirani alipita, akapunguza mwendo. Baba akamwita aingie.

Swichi nimeiandika kwa kalamu ya wino. Upande mmoja MIMI, upande wa pili WOTE. Usiku wakishalala wengine, narudisha spika kwenye vigoda, napima kwa kamba, nakaa katikati. Asubuhi nikiamka naikuta kwenye WOTE, na spika ya pili iko dirishani.