Aliyeng'olewa gego zima alalamike wapi? Historia ya lawama za meno Pemba

Mwaka 2024 ilitimia miaka 60 tangu kikosi cha kwanza cha madaktari wa China, kutoka jimbo la Jiangsu, kilipotia mguu Zanzibar miezi michache tu baada ya Mapinduzi. Wapemba wana sababu yao ya kuikumbuka safari ile, maana Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, ndiyo kituo cha madaktari hao kisiwani. Katika maadhimisho ya namna hii huhesabiwa waliopasuliwa wakapona, na ni haki yao kuhesabiwa. Makala hii inamfuata mwengine: yule aliyekaa kitini, akachomwa sindano ya ganzi, akang'olewa gego zima, na alipofika nyumbani akakuta bovu bado limo mdomoni. Mtu huyo, kwa zaidi ya karne moja iliyopita, alikuwa na mlango gani wa kubisha hodi?

Mlango wa kwanza haukuwa wa hospitali. Kabla ya daktari wa meno mwenye cheti hajafika Pemba, jambo hili lilikwisha andikwa katika vitabu vya fiqhi vilivyosomeshwa darsani. Mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara aliyoyaleta. Na jino lina bei yake: diya ya ngamia watano au thamani yao, gego na la mbele sawasawa. Ukiitazama kanuni hiyo kwa macho ya leo utaona kuwa haianzi kwa kumtaka mgonjwa barua na vielelezo. Inaanza kwa tabibu: ni nani huyu, na anajulikana kwa kazi hii?

Waingereza, baada ya kuifanya Zanzibar himaya yao mwaka 1890, waliwapunguzia makadhi kazi mpaka wakabakiwa zaidi na ndoa, talaka na mirathi. Lawama za tiba zikahamia kwa idara ya serikali na mahkama zake. Tusidhani kwao mambo yalikuwa yamenyooka. Sheria yao ya madaktari wa meno ya 1878 ililinda jina la kazi tu. Asiyesajiliwa aliendelea kung'oa watu meno alimradi asijiite daktari wa meno. Ikabidi waingoje sheria ya 1921 ili mlango huo ufungwe, na baraza lao la meno likaja mwaka 1956. Tanganyika ilipata sheria yake ya madaktari na madaktari wa meno mwaka 1959.

Hapa mwandishi aruhusiwe kunung'unika kidogo. Harufu inayompokea mgonjwa katika chumba cha meno, iwe London au Muscat, ni ya karafuu. Eujenoli inayotoka kwenye mafuta yake huchanganywa na unga wa zinki ikawa dawa ya kuzibia jino kwa muda na kulipoza. Tufani ya 1872 iliilaza mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba. Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kipo kiwanda cha mafuta ya makonyo. Kisiwa kilichowapoza walimwengu maumivu ya meno kimeishi miaka yote kikimngoja daktari bingwa avuke bahari.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 madaktari wengi waliondoka, tiba ikawa bure, na daktari akawa mtu wa serikali. Kumshitaki daktari kukawa ni kuishitaki serikali, na kwa nani? Kuanzia mwaka 1970 zilikuwepo mahkama za wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Katika kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume, Aprili 7, 1972, Mwanasheria Mkuu Wolfango Dourado alibeba upande wa mashitaka na wa utetezi kwa pamoja. Ikiwa mtu anayekabiliwa na kifo hakupata wakili wake, mwenye kesi ya gego angempata wapi? Hali hiyo ilidumu mpaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 ikaja sheria ya hospitali binafsi, na mwaka 1999 sheria ya madaktari na madaktari wa meno, iliyoipa Zanzibar baraza lake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano.

Lakini tukio lililowafundisha Watanzania wa pande zote mbili kulalamika kwa sauti halikutokea Zanzibar, wala halikuhusu meno. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwepo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja. Mmoja alilazwa kwa ajili ya goti, wa pili kwa maradhi ya kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilisimama. Magazeti hayakuzungumza jengine kwa wiki kadhaa, na mmoja wa wagonjwa wale baadaye alifariki dunia. Waziri wa Afya wa wakati huo, Profesa David Mwakyusa, mwenyewe alikuwa daktari, tena aliyepata kumtibu Mwalimu Nyerere. Uchunguzi ukafanywa, madaktari wakasimamishwa kazi, na ugomvi ukazuka mpaka vibarazani. Wako waliotaka wahusika wafutwe kabisa katika daftari la madaktari. Wengine waliuliza mbona daktari peke yake, ilhali mgonjwa hupita mikono ya wauguzi, wa usingizi na wa mapokezi kabla ya kisu kumfikia, na wodi zimefurika mpaka sakafuni.

Mimi niko na hao wa pili, ingawa si kwa asilimia mia. Adhabu ilitafutwa haraka kuliko jibu la swali jepesi: kwa nini hakuna aliyemuuliza mgonjwa jina lake kamili, akiwa bado macho? Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakiki katika chumba cha upasuaji, na moja ni hilo hilo: jina la mgonjwa na mahali pa kupasua, kwa sauti, mbele ya wote. Orodha ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hapa hapa Tanzania. Kwa jumla ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kwenye meno hatari hiyo iko karibu zaidi, maana kinywa kimoja kina meno hadi 32 yanayofanana. Gego kubwa la kwanza la chini kushoto, kwa hesabu inayotumika sehemu nyingi za dunia, huandikwa 36. Mmarekani huliandika 19. Waliosomeshwa na Waingereza wa zamani huchora pembe ndogo na kutia 6. Kisiwa kilichohudumiwa na madaktari kutoka nchi mbalimbali hakina budi kuuliza cheti cha mgonjwa kimeandikwa kwa hesabu ipi, kwani lawama yote itasimama au kuanguka kwa tarakimu hiyo. Daktari wa kikosi hukaa mwaka au miwili, akaondoka. Mgonjwa akigundua kasoro baada ya hapo, kinachobaki kujibu ni karatasi.

Siku hizi Pemba ina hospitali mpya za wilaya, Vitongoji na Micheweni zikiwamo, na mwananchi mwenye simu anaweza kulifikisha jambo lake Ikulu kwa mfumo wa Sema na Rais Mwinyi. Njia ya kawaida huanzia kwa mkuu wa hospitali, ikapanda kwa Afisa Mdhamini wa Wizara, kisha barazani. Wengi hawajui kwamba kazi ya baraza ni leseni: laweza kumuonya daktari, kumsimamisha au kumfuta. Anayetaka fidia ya gego lake huenda mahkamani, na hapo angalau bahari haimo njiani, kwani Mahkama Kuu inakaa Chake Chake pia. Shida ni shahidi. Kosa la daktari bingwa huelezwa na daktari bingwa mwenzake, nao katika nchi hii ni wachache, wengi wamesoma darasa moja, na anayekubali kumtolea mwenzake ushahidi itabidi aletwe kutoka Unguja au Dar es Salaam, nauli na malazi juu ya mlalamikaji.