Uchaguzi wa Viongozi wa Vyama vya Wafanyakazi (Marekani)

Haki za wanachama kupiga kura na kufanya kampeni zinalindwa na Sheria ya Landrum-Griffin ya 1959. Tawi la chama huchagua viongozi kwa kura ya siri angalau kila miaka 3. Chama hulazimika kusambaza vipeperushi vya mgombea kwa gharama ya mgombea mwenyewe; fedha za chama au za mwajiri haziruhusiwi kutumika kumpigia debe mgombea yeyote.

Udhaifu mkubwa wa sheria hiyo ni kwamba uchaguzi ukishafanyika, mwanachama hawezi kuupinga mahakamani yeye mwenyewe; hulalamika kwa Waziri wa Kazi. Mfano ni uchaguzi wa chama cha wachimba migodi wa mwaka 1969: Joseph Yablonski, aliyegombea urais, aliuawa kikatili pamoja na mkewe na binti yao. Uchaguzi huo haukubatilishwa hadi mwaka 1972.