Kwa Nini Pini Yako Huruka Barabara Ukiwa Tao: Konvolusheni na Korelesheni kwa Picha

Umeita nduthi ukiwa katikati ya maghorofa, pini imekaa upande ule mwingine wa barabara, na jamaa anakupigia: "Bosi, uko wapi?" Usimkasirikie. Kuna hesabu mbili hapo, na zote utazishika na vipande viwili vya karatasi.

Anza na konvolusheni. Piga kofi moja ndani ya ukumbi mtupu. Sauti inakufikia, halafu mwangwi unafuata ukififia. Tuseme 4, 2, 1. Hiyo ndio tabia ya huo ukumbi. Sasa piga ngoma: pigo la nguvu 1, nyamaza, kisha pigo la 3. Kila pigo linakokota mkia wake, na mikia inapandana.

Andika 1, 0, 3 kwenye karatasi ya juu. Ya chini andika ule mkia kinyumenyume: 1, 2, 4. Itelezeshe kutoka kushoto kwenda kulia, hatua moja moja. Kila ukisimama, zidisha namba zinazoangaliana, kisha jumlisha. Utapata 4, 2, 13, 6, 3. Cheki hiyo 13: ni 1×1, 0×2 na 3×4.

Mbona tunageuza? Hapo ndio wasee wengi hupotelea darasani. Pigo la kwanza limekaa hewani kitambo, kwa hivyo limeshafika mwisho wa mkia, kwenye 1. Pigo jipya ndio liko kwa 4. La zamani linakutana na mwisho, basi. (Maprodyuza hutumia hii hesabu kufanya vokali ya bedsitter isikike kama ya kanisa kubwa.)

Korelesheni ni kuteleza kule kule, bila kugeuza. Swali ndio tofauti: hii kitu imejificha wapi ndani ya kelele? Andika + + + − − + − kwa karatasi zote mbili. Alama zikifanana hesabu +1, zikitofautiana −1. Zikikaa sawa kabisa unapata 7. Sogeza hatua moja tu: 0. Endelea kusogeza, ni 0 na −1 pekee. Ukichora, ni uwanja tambarare na mnara mmoja katikati, kama KICC iliyobaki peke yake.

GPS inaishi kwa huo mnara. Kila setilaiti inarudia kodi yake ya alama 1,023 kila milisekunde, na ikifika chini ni hafifu kuliko kelele yenyewe. Simu yako ina nakala. Inaitelezesha mpaka mnara utokee, na mahali ulipotokea ndio panaonyesha ishara imechelewa kiasi gani. Alama moja ni kama mita 293, so simu lazima isome ncha ya mnara kwa umakini noma.

Sasa rudi tao. Maghorofa ndio ukumbi. Ishara inagonga kuta, nakala zilizochelewa zinajiongeza juu ya ile halisi: konvolusheni. Simu ikifanya korelesheni yake inapata mnara uliopinda, ama wa pili pembeni. Na ghorofa likiziba njia ya moja kwa moja, simu inaamini ule mwangwi, umbali unaonekana mrefu, pini inaruka.

Sogea mahali anga iko wazi, ama mwambie tu uko mbele ya duka gani.