Historia ya Bonde la Nakivubo: Mafunjo, Maji na Maneno

Jina la Nakivubo linapotajwa darasani mjini Kampala, wanafunzi hukumbuka kwanza uwanja wa mpira, kisha mfereji unaopita kando ya masoko ukibeba taka za mji. Ni wachache wanaojua kwamba Nakivubo kilikuwa kijito kabla hakijawa mfereji, na ya kuwa mwisho wake, kati ya Bugolobi na Luzira, ni kinamasi cha mafunjo ambacho maji hupita kabla ya kuingia katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya bonde hilo. Twaamini kwamba historia hiyo yawahusu walimu wa Kiswahili kama inavyowahusu wahandisi, kwa sababu sehemu ya msiba uliolipata bonde ilitokana na maneno.

Kampala ni mji wa vilima, na kila msomaji aweza kuvitaja: Mengo, Rubaga, Namirembe, Nakasero, Kololo, na Kampala ya Kale ambako Lugard alipiga kambi yake mwezi Desemba 1890. Lakini penye vilima hapakosi mabonde, na mabonde ya Buganda yalijaa mafunjo. Waganda wa zamani walikata mafunjo wakasuka mikeka na kuezekea nyumba, na kingoni mwa vinamasi walichota maji. Pale njia ya Kabaka ilipokatiza bonde, watu waliitwa kwa kazi ya pamoja iitwayo bulungi bwansi, wakatandika magogo na matita ya mafunjo, watu wakavuka. Kinamasi kilikuwa na kazi zake, na watu walizijua. Kwa Kiganda mahali pa namna hiyo huitwa entobazi, neno lisilo na matusi ndani yake.

Wageni walipofika walileta macho mengine. Mwaka 1862 Speke aliipa ghuba jina la Murchison, rais wa chama cha wanajiografia cha London. Bandari ya Luzira nayo ikaitwa Port Bell, kwa heshima ya Hesketh Bell aliyekuwa mtawala wa Uganda kuanzia 1906. Kwa watawala hao kinamasi kilikuwa makao ya mbu na malaria, basi. Hatuwezi kuwacheka kwa kuogopa malaria, kwani mbu waliua watu kweli. Lakini dawa waliyoichagua ilikuwa moja tu: kukausha. Mitaro ikachimbwa, mikaratusi ikapandwa inywe maji, na kijito cha Nakivubo kikanyooshwa kuwa mfereji. Reli ya kwenda Port Bell nayo ilipita juu ya tuta lililokigawa kinamasi sehemu mbili, ya juu na ya chini, na maji yakabaki kupenya katika mapito machache chini ya reli. Baadaye viwanda na maghala vilijengwa katika ardhi ya bondeni, maana ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa tupu.

Hapo ndipo mji ulipojifunga fundo ambalo haujalifungua hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mitambo ya maji ya kunywa ilijengwa Ggaba, ufukoni mwa ghuba hiyo hiyo. Baada ya miaka kadhaa mitambo ya kusafisha maji machafu ikajengwa Bugolobi, na maji yake yakaelekezwa katika mfereji wa Nakivubo. Basi maji yaliyomwagwa na mji yakawa yanateremka ghubani, na maji yaliyonywewa na mji yakawa yanatekwa katika ghuba hiyo, kilomita chache tu kutoka hapo. Katikati ya mlango wa uchafu na mlango wa maji safi palibaki kinga moja isiyodai mshahara: mafunjo.

Yafaa tueleze kazi ya mafunjo, kwa kuwa wengi huyaona kama magugu. Mafunjo ya Nakivubo, hasa upande wa ziwani, hayakuota katika udongo mkavu. Mizizi na mashina yake yamesukana yakawa kama mkeka mnene unaoelea, na maji hupita chini yake polepole. Yanapopunguza mwendo, mchanga na takataka ndogo hutuama. Mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo chakula cha mwani, na vijidudu vinavyoishi mizizini huvunjavunja uchafu mwingine. Lakini kazi hiyo yataka maji yaenee. Yakilazimishwa kupita katika mtaro mmoja wa kasi, yatafika ziwani na uchafu wake wote, hata kama pembeni yamesimama mafunjo elfu.

Mji ulikua haraka. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu Kampala watu wapatao 330,000. Ile ya 2014 ilihesabu zaidi ya milioni 1.5. Shirika la taifa la maji na maji taka liliundwa mwaka 1972, lakini miaka ya dhiki na vita iliyofuata haikuruhusu mabomba kuufuata mji ulikokwenda. Sehemu kubwa ya nyumba haikuunganishwa na bomba la maji machafu. Katika kinamasi cha juu watu waling'oa mafunjo, wakapanda magimbi na miwa, na hatuwezi kumlaumu mwenye njaa anayelima ardhi yenye rutuba karibu na soko. Hata hivyo, kila kipande cha mafunjo kilichoondoka kilipunguza kinga ya ghuba. Katika miaka ya 1990 magugu maji yalitanda ziwani hata vyombo vikashindwa kuingia Port Bell. Wadudu wanaoyala magugu hayo waliachiliwa ziwani katikati ya miaka hiyo, na kufikia 1998 magugu yalikuwa yamepungua sana. Lakini rutuba iliyoyalisha haikuondoka.

Tumeyajuaje haya yote? Tumeyajua kwa sababu kuna watu waliopima na kuandika. Mwaka 1960 na 1961 mtaalamu Talling alipima maji ya Ziwa Viktoria kwa uangalifu mkubwa, pasipo kujua nani atakuja kuzihitaji hesabu zake. Miaka thelathini baadaye wenzake walipopima tena, waliona mwani umeongezeka mara nyingi na maji yamepoteza uangavu. Bila daftari la kwanza, daftari la pili lisingesema kitu. Kadhalika mwaka 1999 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walitoa uchunguzi wao juu ya kinamasi cha Nakivubo chenyewe, wakaonyesha jinsi mafunjo yanavyoyasafisha maji machafu. Wakati huo huo Lucy Emerton na wenzake walikadiria kwamba kinamasi hicho, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 5 na kidogo, kinaufanyia mji kazi ya thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kila mwaka. Kile kilichoitwa ardhi tupu kikawa na bei!

Serikali nayo haikunyamaza. Mwaka 1986 ilisimamisha ukaushaji mkubwa wa vinamasi. Mwaka 1988 Uganda ikajiunga na Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Katiba ya 1995 iliweka ardhi oevu katika dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi wote, na kanuni za mwaka 2000 zikaweka hifadhi ya mita 200 kandokando ya Ziwa Viktoria. Novemba 2005 mataifa ya Mkataba wa Ramsar yalikutana hapa hapa Kampala, mkutano wao wa kwanza katika bara la Afrika. Mwaka huo huo Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mambo hayo mawili yalitukia bila ya kupangwa pamoja, lakini yamefanana: yote yaliandikwa vizuri, na yote yangali yakingoja kutendwa kwa ukamilifu. Mwezi Juni 2024 nyumba zilibomolewa katika kinamasi cha Lubigi, upande wa pili wa mji. Kinamasi ni lazima kilindwe, lakini ni aibu sheria kumfikia mwananchi kwa mara ya kwanza ikiwa juu ya tingatinga. Sheria yapasa itangulie kwa maneno anayoyafahamu.

Katika jambo hili twaweza kujifunza kwa ndugu zetu wa pwani, ambao milango ya mito yao na ghuba zao zina walinzi wao. Huko kazi ya mafunjo hufanywa na mikoko na chaza. Chaza mmoja aliyekomaa, katika hali nzuri, huweza kuchuja maji zaidi ya lita 100 kwa siku. Huko Chesapeake, Marekani, watu waliwavua chaza hata wakabaki wachache mno, ghuba ikachafuka, na leo wanarudishwa kwa gharama kubwa. Katika rasi ya Fumba, Unguja, akina mama wanaookota chaza na kombe walikubaliana tangu 2006 kufunga sehemu fulani za ufuo ili viumbe hao wapumzike na kuzaana. Gazi, katika Kwale ya Kenya, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mpango wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, na mapato husaidia shule na maji. Katika mifano hiyo ya kwetu miwili, wenyeji wameshiriki katika kuhesabu na kuamua. Hawakungoja kuamrishwa tu.

Sasa turudi darasani. Mwanafunzi wa Uganda hukutana na ngalawa, mikoko na chaza katika vitabu vya Kiswahili, nayo ni mema. Lakini mafunjo yaliyo umbali wa mwendo wa saa moja kutoka shuleni pake hayakuti. Akiandika insha, kinamasi kwake ni mahali pa uchafu, mbu na nyoka. Yatupasa tumpe maneno mengine: mafunjo, matete, kijito, mlango wa mto, ghuba, ardhi oevu, chujio, mwani, tope lililotuama. Neno ardhi oevu lina faida kubwa, kwani linaitambua ardhi kuwa ina hali yake halali, wala si ardhi kavu iliyoharibika.

Tena tumpe kazi. Mwaka 1865 padre Mwitalia Angelo Secchi alipima uangavu wa bahari kwa kisahani cheupe kilichofungwa kamba, akakiteremsha majini mpaka kisionekane. Shule yoyote iliyo karibu na ziwa yaweza kutengeneza kisahani hicho kwa bati na kamba yenye alama. Wanafunzi wakipima mara moja kila mwezi, chini ya uangalizi wa mwalimu, na kuandika kwa Kiswahili sanifu siku, saa, kina na hali ya hewa, watakuwa wamejifunza hesabu, insha na uraia kwa somo moja. Daftari lao lihifadhiwe, kama lilivyohifadhiwa la Talling.

Mji wenyewe umeanza kulipa deni lake. Huko Bugolobi imejengwa mitambo mipya yenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 za maji machafu kwa siku. Huko Katosi, mbali na ghuba iliyochafuka, yamejengwa machoteo mapya ya maji ya kunywa. Hizo ni gharama kubwa za kufanya kazi ambayo zamani sehemu yake ilifanywa bure. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampala inajenga ukuta, na ukuta huo hautatosha ikiwa mafunjo yaliyosalia yataondoka, maana nyumba nyingi zingali nje ya mabomba. Maji yake yote huteremka bondeni, na wanafunzi wetu wanaishi huko.