Ulikunywa nini? Historia fupi ya etiketi



Nilipokuwa G2 mu agro, nilinunua ku soko maji tamu ya rangi nyekundu, ile inafungwaka mu plastiki bila jina. Nusu saa haijaisha, midomo ilivimba, mwili ukajaa mapele, pumzi ikaanza kukatika. Ku dispansere, muuguzi aliuliza paka swali moja: "Ulikunywa nini?" Sikuwa na jibu. Alinichoma sindano, nikapona. Lakini ku mutaa, bamoja balikuwa beshaanza kusema mama muuzaji alinitia kitu. Yeye alinunua unga wa rangi kwa kupimiwa, hata yeye hakujua. Ile siku njo ilinitia mu historia hii.

Tuanzie mwaka 1901. Bafaransa babili, Charles Richet na Paul Portier, balikuwa mu meli ya Prince Albert wa Monaco, bakichunguza sumu ya viumbe vya bahari. Baliporudi Ufaransa, balichoma mbwa sumu kidogo, akabaki muzima. Kiisha majuma, balimuchoma tena kidogo, akafa mu dakika chache. Mu 1902 balipa jambo hili jina: anafilaksia, maana yake kinyume cha kinga. Richet alipata Nobel mu 1913. Fundisho yake ni hii: mwili unajifunza. Kitu kilichopita salama mara ya kwanza kinaweza kukuangusha mara ya pili.

Tuseme ukweli: aleji kali nyingi za chakula zinatoka ku karanga, samaki, mayai, maziwa. Za viungo vya kiwandani ni chache. Lakini zipo. Rangi nyekundu ya karmini (E120) inatoka ku kadudu kanaishi ku mikaktasi, huko Meksiko na Peru. Protini ya kale kadudu inabaki mu rangi, na bantu bamoja banapata anafilaksia. Marekani iliamua mu 2009 kama jina lake liandikwe wazi, na sheria ikaanza kazi mu 2011. Tena kuna salfaiti (E220 mpaka E228), zinazozuia matunda na mboga kugeuka rangi. Si kila mara ni aleji yenyewe, lakini mugonjwa wa asma anaweza kufungwa pumzi. Kiisha vifo, Marekani ilizikataza mu 1986 ku matunda na mboga mbichi.

Na utamu bila sukari? Sakarini ilionekana mu 1879, aspartame mu 1965, zote mbili kwa bahati, mutafiti akionja utamu ku vidole vyake. Aleji ya kweli ku vitu hivi ni nadra. Hata hivyo aspartame inataka onyo ku pakiti, juu mutoto aliyezaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria hawezi kuvunja fenilalanini iliyo ndani yake, na ubongo wake unaharibika.

Munaona vile kila onyo ku pakiti lina mugonjwa nyuma yake. Mu 1963, FAO na OMS balianzisha Codex Alimentarius, na kanuni yake ya 1985 inasema viungo viandikwe ku pakiti.

Sasa tukuje karibu. Mu 2007, ku Cacuaco, pembeni ya Luanda, jirani yetu Angola, bantu balianza kusinzia ovyo, kizunguzungu, kushindwa kutembea. Zaidi ya bantu 450 baligonjwa. Haikuwa aleji, haikuwa bulozi. Vipimo vilionyesha bromidi mu damu: chumvi balikula ku nyumba ilikuwa bromidi ya sodiamu, kemikali ya viwandani inayofanana kabisa na chumvi. Macho na ulimi havikutosha kutofautisha.

Kwetu tuna OCC, ilianza mu 1974 ikiitwa OZAC. Bidhaa nyingi zetu zinapita Kasumbalesa na etiketi yake ku gunia. Lakini gunia ikifunguliwa ku soko, ikagawanywa mu vijiko na mu plastiki, etiketi inabaki kwa mukubwa aliyefungua. Mama wa mwisho na mutoto anayekunywa banabaki gizani. Njo pale kazi ya karne nzima inapotea, si ku mupaka.

Sisi ba agro, ba kemia, ba afya, tunaweza kuanza na kidogo. Muuzaji akate jina na namba za E ku gunia, abandike ku meza yake. Mwenye alishavimba mara moja aandike kila kitu alikula siku ile, na akivimba tena pumzi ikikatika, asingoje asubuhi: adrenalini inaokoa kama inakuja haraka.

Yule mama angaliuza ku chini ya jina la kitu chake, hakuna mutu angalimuita mulozi. Na mie ningalikuwa na jibu la kumupa muuguzi.