Deni la Vita: Habari za Pensheni ya Wajane wa Marekani

Wahenga walisema, "Dawa ya deni kulipa." Neno hili ni rahisi kulinena juu ya mtu aliyekopa kibaba cha unga kwa jirani yake, maana mwenye mali anajulikana, na kipimo kinajulikana, na siku ya kulipa inajulikana. Lakini liko deni jingine lililo zito zaidi, nalo ni deni la nchi kwa wale walioipigania. Nani ajuaye kipimo cha mguu uliokatwa? Nani atahesabu thamani ya mume asiyerudi? Hata hivyo, nchi yo yote iliyowapeleka vijana wake vitani haina budi kuketi siku moja na kulihesabu deni hilo, na kuliandika katika sheria. Hapa tutasimulia jinsi nchi ya Marekani ilivyojaribu kulilipa deni la namna hii katika karne ya 19, na jinsi mwanamke mmoja alivyongoja zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuipata sehemu yake.

Mwaka 1861 vita vilizuka katika Marekani kati ya majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini. Watu wa kusini walitaka kujitenga na kuwa na serikali yao wenyewe, wapate kuendelea kushika watumwa. Vita hivyo vilidumu miaka minne, hata 1865. Upande wa Serikali kuu peke yake walitumika watu wapatao milioni mbili, na kama 360,000 miongoni mwao walikufa. Waliouawa na maradhi kambini walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Katika jeshi hilo walikuwamo askari weusi wapatao 179,000, na wengi wao walikuwa wametoka utumwani juzi juzi. Hao kwa muda mrefu walipata dola 7 tu mkononi kwa mwezi, na mwenzao mzungu wa cheo kile kile alipata dola 13. Hata Juni 1864 ndipo Bunge lilipoamuru mishahara isawazishwe.

Vita vilipokuwa vingali vikali, Bunge lilitunga sheria ya pensheni ya tarehe 14 Julai 1862. Askari wa cheo cha chini aliyepata kilema kazini, hata asiweze kabisa kufanya kazi, alipewa dola 8 kila mwezi. Akifa kwa jeraha au kwa ugonjwa alioupata jeshini, mjane wake alipewa dola 8 hizo. Kama hakuwa na mjane, zilikwenda kwa watoto wake walio chini ya miaka 16. Kama hakuwa na mke wala mtoto, mama yake aliyemtegemea aliweza kuzipokea, au dada zake wadogo. Basi kwa sheria ile Serikali ilikiri neno kubwa, ya kwamba askari hatoki nyumbani peke yake. Anapoanguka yeye, walioanguka ni wengi.

Lakini mara ile ile likatokea jambo la kusumbua. Mjane alipaswa kuonyesha hati ya ndoa. Sasa mtumwa angeitoa wapi hati ya ndoa? Katika majimbo ya kusini sheria haikuitambua ndoa ya watumwa hata kidogo. Bwana aliweza kumwuza mume upande huu na mke upande huu. Watu hao waliishi pamoja, wakazaa, wakazikana, lakini hapakuwa na kitabu cho chote kilichoandikwa majina yao. Kwa hiyo mwaka 1864 Bunge liliongeza sheria ya kwamba, kwa wajane wa askari weusi, yatosha mashahidi waaminifu waseme ya kuwa wale wawili waliishi kama mume na mke kwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya mume kuingia jeshini. Sheria ile bado ilikuwa na masharti mengine, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Ushahidi wa jirani uliweza kusimama mahali pa karatasi.

Tangu hapo pensheni iliongezwa mara kwa mara. Mwaka ule ule wa 1864 waliopofuka macho yote mawili au kukatika mikono yote miwili walipandishiwa hata dola 25 kwa mwezi, na mwaka 1866 mjane akaongezewa dola 2 kwa kila mtoto mdogo. Mwaka 1879 ikatungwa sheria ya kulipa malimbikizo, yaani mtu akikubaliwa pensheni, ahesabiwe tangu siku alipoachishwa jeshi na si tangu siku alipoandika ombi. Watu wengi wakaleta maombi ambayo hawakuwa wameyaleta hapo kwanza.

Ndipo pakazuka mashindano makali ya maneno. Askari wengi walikuwa wamezeeka, nao hawakuweza kuonyesha ya kuwa udhaifu wao ulitoka vitani. Mtu aliyelala kwenye matope miaka mitatu akiwa kijana, na akiwa mzee viungo vyamwuma, je, daktari gani aweza kuapa ya kuwa ni matope yale? Bunge likapitisha sheria ya kuwasaidia hao na jamaa zao, lakini Raisi Grover Cleveland akaikataa mwaka 1887. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Aliona ya kuwa sheria ile ingewavuta watu waseme uongo ili wapate fedha, na ya kuwa mzigo ungekuwa mkubwa kwa walipa kodi. Walakini mwaka 1888 alishindwa katika uchaguzi na Benjamin Harrison, ambaye mwenyewe alikuwa jemadari katika vita ile, na tarehe 27 Juni 1890 Harrison akatia sahihi sheria mpya. Kwa sheria hiyo, askari aliyetumika siku 90 na kuachishwa kwa heshima, naye hawezi kazi ya mikono, alipewa dola 6 hata 12 kwa mwezi, bila kuulizwa udhaifu wake ulitoka wapi. Na mjane maskini, aliyeolewa kabla ya siku ya sheria ile, alipewa dola 8, bila kuulizwa mumewe alikufa kwa sababu gani.

Gharama ilikuwa kubwa mno. Kufikia mwaka 1893 waliopokea pensheni walikaribia milioni moja, na fedha zao zilizidi dola 150,000,000 kwa mwaka. Wako waliosema ya kuwa nchi inafilisiwa. Wako waliojibu ya kuwa aliyeogopa gharama angaliogopa na vita.

Sasa na tumtazame mtu mmoja, ili tuone jinsi sheria iliyotungwa mjini Washington ilivyofika, au ilivyochelewa kufika, mlangoni kwa maskini. Huyu ni Harriet Tubman. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka mwaka 1849. Alipokwisha kupata uhuru wake hakutulia, bali alirudi katika nchi ya utumwa mara kama 13, akawatoa watu wapatao 70. Vita vilipokuja, mwaka 1862 alikwenda South Carolina pamoja na jeshi la Serikali. Akauguza askari na watumwa waliokimbia, akapika, akafanya kazi ya upelelezi. Wengine walipomwonea kijicho kwa sababu ya posho aliyopewa, aliiacha, na usiku akawa akioka mikate ya kuuza ili ajilishe. Juni 1863 alikwenda pamoja na askari weusi wa Kanali James Montgomery katika mto Combahee, akiwaonyesha njia, na katika safari ile moja watumwa zaidi ya 700 walifunguliwa. Kwa kazi ya miaka hiyo yote alilipwa kama dola 200 tu.

Vita vilipokwisha alikaa Auburn katika jimbo la New York, akiwatunza wazazi wake na maskini wengine. Rafiki zake walimwombea haki yake serikalini, na miongoni mwao alikuwa mtu mkubwa William Seward, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ombi halikufaa kitu. Kwa nini? Kwa sababu jina lake halikuwamo katika daftari la jeshi. Majemadari walimjua, askari walimjua, lakini daftari halikumjua. Nasi tuna methali isemayo, "Mali bila daftari huisha bila habari." Kazi nayo ni vivyo hivyo.

Mwaka 1869 aliolewa kanisani na Nelson Davis, aliyekuwa askari katika kikosi cha 8 cha askari weusi. Davis alikuwa na ugonjwa wa kifua, akafa mwaka 1888. Sheria ya 1890 ilipotoka, Harriet akaandikisha ombi lake kama mjane. Msomaji atadhani ya kuwa sasa mambo yalikuwa mepesi. Siyo. Mumewe alikuwa ameandikwa jeshini kwa jina la Nelson Charles. Basi ilimpasa mjane aonyeshe kwa mashahidi ya kuwa Nelson Charles na Nelson Davis ni mtu mmoja. Tena alikuwa ameolewa zamani, wakati wa utumwa, na John Tubman, ambaye walikwisha kuachana. Ikampasa aonyeshe ya kuwa huyo naye alikuwa amekufa kabla ya ndoa ya pili. Wazee waliitwa, viapo vikaapwa, barua zikaenda na kurudi. Miaka mitano ikapita. Mwaka 1895 ndipo alipokubaliwa dola 8 kwa mwezi, pamoja na malimbikizo yapatayo dola 500.

Lakini hizo zilikuwa dola za mumewe. Kazi yake mwenyewe ilikuwa haijalipwa. Mwaka 1897 mbunge wa upande wa Auburn, Sereno Payne, alipeleka Bungeni mswada wa kumpandishia Harriet pensheni hata dola 25 kwa mwezi. Wabunge wakapima, wakapunguza, na mwisho wakapatana dola 20: zile 8 za ujane, na 12 nyingine, ambazo ndizo kiasi walichopewa wauguzi wa jeshi kwa sheria ya 1892. Raisi William McKinley akatia sahihi Februari 1899. Hata hivyo maneno ya sheria yenyewe yalimtaja kama mjane wa Nelson Davis. Upelelezi wake na mto Combahee havikuandikwa humo.

Je, alizifanyia nini fedha zake? Mwaka 1896 alikwisha kununua mnadani shamba la ekari 25 karibu na nyumba yake, kwa kuwa alitaka kujenga mahali pa kuwatunzia wazee weusi wasio na mtu. Mwaka 1903 alilitoa shamba hilo kwa kanisa lake, nayo nyumba ya wazee ikafunguliwa mwaka 1908. Yeye mwenyewe alitunzwa humo katika udhaifu wake, na humo alikufa tarehe 10 Machi 1913, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Mwaka 2003, miaka 90 baada ya kufa kwake, Bunge lilitoa dola 11,750 kwa nyumba yake ya Auburn, kuwa salio la pensheni aliyopunjwa. Deni lililipwa, lakini mwenyewe hakuliona.

Tusidhani ya kuwa deni la vita hukatika upesi. Mtu wa mwisho aliyepokea pensheni ya vita ile alikuwa binti wa askari mmoja aliyeoa uzeeni. Alipokea dola 73.13 kila mwezi, naye alikufa mwaka 2020, miaka 155 baada ya vita kwisha. Wenye kutangaza vita wangefanya vema kuikumbuka hesabu hii.

Na sisi tusio na jeshi wala Bunge, twajifunza nini? Kwanza, sheria njema ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumfikia yule iliyetungwa kwa ajili yake. Pili, wenye kutunga sheria wasiwahesabu tu walioandikwa, bali wawatafute na waliotumika bila kuandikwa, maana mara nyingi hao ni wanawake na wanyonge. Tatu, na hili limo mikononi mwetu, tuandike. Hati ya ndoa iwekwe mahali pakavu. Jina la mtu liwe moja katika kitabu cha kanisa, na kazini, na kortini. Na katika kila kijiji yuko mjane asiyejua kusoma, mwenye haki yake mahali fulani, anayesubiri tu mtu wa kumwandikia barua. Aliyepewa elimu ya kalamu asimfanye mjane huyo angoje miaka mitano kwa kukosa karatasi moja.